Kaa Walioamka Katikati ya Dua

Niliaibika ukweni, tena mbele ya watu waliokuwa wamekuja kunitazama mimi na si kitu kingine, na habari hii sijawahi kuisimulia mbele ya ndugu wa mke wangu, kwa hiyo ninyi ninaowasimulia leo nawaomba mcheke taratibu, maana kidonda bado kibichi na nyumba ninayopanga hapa Kibiti kuta zake zinasikia. Sikuaibika kwa wizi, wala kwa ulevi, wala kwa kukutwa mahali pasiponihusu. Niliaibika kwa elimu. Na elimu yenyewe ilikuwa sahihi, ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakuna neno hata moja nililosema siku ile ambalo lilikuwa la uongo.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, sekondari, lakini kwetu ni Mbwera, kule ndani kwenye visiwa na vijito vya delta, ambako mtoto anamjua kaa kabla hajajua kuhesabu. Mwaka ule nilikuwa nimemposa Rukia, binti wa Mohoro, mwalimu wa shule ya msingi, mpole wa sauti na mkali wa macho. Mnajua kwa desturi ya kwetu mwoaji haendi kwenye posa, wazee ndio wanaokwenda kusema, lakini baba yake Rukia, baada ya kukubali posa, alipiga simu akasema maneno ameshayasikia, sasa anataka kumwona mtu mwenyewe, aje akae mbele ya wazee, aulizwe hili na lile. "Kanzu hainunuliwi kwa kusimuliwa," alisema. Basi ikapangwa siku ya kwenda kujitambulisha, na kiongozi wa safari akawa Mjomba Kassimu, kaka yake mama, kwa sababu baba yangu alishatangulia mbele ya haki.

Mama yangu naye si mtu wa kumpeleka mwanawe ukweni mikono mitupu. Akampa Mjomba tenga la kaa, wale wakubwa wa kwenye mikoko, wapana kama sahani ya wali, Mjomba akavuka nao kwa boti mpaka Nyamisati na asubuhi akafika kwangu Kibiti. Kila kaa alikuwa amefungwa magando yake kwa kipande cha wavu mkuukuu, huyu chekundu, huyu cha bluu, mmoja nadhani alifungwa kwa uzi wa mfuko wa simenti. Nikawatazama. Wakanitazama. Nikaona wamekaa kama mahabusu wanaosubiri kupelekwa mahakamani.

"Mjomba, tunawapeleka ukweni wamefungwa pingu namna hii?"

"Kaa huenda hivyo," akasema Mjomba, na akaomba chai.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniharibia siku. (Mtu akisimulia mkasa husema shetani alimpitia. Mimi hakunipitia mtu, nilikuwa peke yangu na akili zangu timamu.) Nilikuwa nimetoka kuwafundisha kidato cha tatu mfumo wa fahamu, na jambo moja lilikuwa limenikaa kichwani: kaa si kama sisi wenye joto letu wenyewe, joto la mwili wake ni joto la mahali alipo, kwa hiyo ukimtia kwenye barafu mishipa yake ya fahamu inapunguza kazi, ujumbe unaokwenda miguuni na kwenye magando unachelewa, unazidi kuchelewa, mwisho hauendi kabisa, na kaa analala. Hafi. Analala tu, na ukimrudishia joto anaamka. Nikamweleza Mjomba kwamba tukiwalaza kwenye barafu tunaweza kuwafungua kamba, tukawapanga vizuri, wakafika ukweni wakiwa na heshima zao.

Mjomba akauliza, "Wakiamka wanaamka na hasira au bila hasira?"

Nikamwambia hasira si jambo la kisayansi.

Nikaenda kuazima deli, lile boksi la kutunzia barafu, kwa jirani yangu anayeuza barafu za ukwaju, nikanunua mabonge ya barafu pale stendi, nikawatia kaa ndani, nikafunika, tukasubiri. Kweli wakalala. Nilimgusa mmoja jicho (kaa aliye macho ukimgusa jicho hulilaza haraka kwenye kijishimo chake) na jicho halikutikisika. Nikachukua mkasi nikakata kamba zote, nikawapanga juu ya majani ya mgomba wakaelekea upande mmoja kama watu walio safuni. Walipendeza. Nilipiga hata picha, ambayo baadaye niliifuta.

Safari sitaki kuwachosha nayo. Tulikodi gari, jua lilikuwa kali, kabla ya kuvuka daraja tukasimama Ikwiriri kuswali adhuhuri na Mjomba akakutana na mtu waliyesoma naye madrasa, wakaulizana habari za watu ambao wengi wao walishakufa. Mfuniko wa deli ulikuwa na ufa ambao jirani yangu hakuutaja na mimi sikuutazama. Tulipofika Mohoro barafu ilikuwa imebaki vipande vya kuhesabika na maji mengi, lakini maji yenyewe bado ya baridi, na kaa wamelala vilevile.

Tukapokelewa vizuri. Nyumba ni ya zamani, sebule ndefu, mikeka mipya imetandikwa, wazee wa upande wao wameshakaa, na wanawake wako chumba cha ndani nyuma ya pazia, Rukia akiwa miongoni mwao. Mimi nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe niliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Nikawashika mikono wazee wote, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, nikakaa mahali nilipoonyeshwa, karibu na ukuta, macho chini kama inavyopasa. Mjomba akasema mama wa kijana ametuma kitoweo kidogo. Akaja kukipokea shangazi yake Rukia, Bi Mwanahawa, mama mmoja mnene mwenye miwani, ambaye ndiye (nilikuja kujua baadaye) mwenye kauli ya mwisho katika ukoo ule, ingawa hukaa nyuma ya pazia. Akafunua deli palepale, mbele ya watu.

Akatazama muda. Akachovya kidole akamsukuma mmoja.

"Hawa wamekufa," akasema.

Ninyi watu wa bara pengine hamjui, lakini kwetu kaa aliyekufa kabla ya chungu haliwi, anatupwa, na kumpelekea mkweo kaa mfu ni kama kumwambia maneno fulani ambayo ukishayasema huwezi kuyarudisha. Mjomba akanitazama. Nikaona ni wajibu wangu kusema.

"Hawajafa, shangazi. Wamelala."

"Wamelala."

"Ndiyo, shangazi."

"Wote kwa pamoja."

Ningesema ndiyo nikanyamaza, pengine mambo yangeishia hapo, lakini baba yake Rukia, mzee mtulivu mwenye ndevu chache nyeupe, akasema, "Hebu tueleze, mwalimu," na mimi mtu akishaniita mwalimu huwa sijizuii. Nikamtoa kaa mmoja nikamlaza kwenye sinia katikati ya mkeka, nikawaeleza. Nikawaambia kaa hana ubongo mkubwa kichwani kama wetu, anao mdogo tu mbele, katikati ya macho, unaoshughulika na kuona na kunusa, na kutoka hapo mishipa inazunguka koo lake kushoto na kulia, inakwenda kukutana chini kifuani kwenye fundo kubwa la fahamu, na fundo hilo ndilo linalotuma mishipa kwa kila mguu na kila gando, kama vile njiti za gurudumu la baiskeli zinavyotoka katikati. Somo hili darasani nalifundisha kwa Kiingereza, siku ile ndiyo mara ya kwanza nalisema kwa Kiswahili, na niwaambie kweli, nilijisikia vizuri mno. Mzee mmoja alisogea karibu. Hata pazia lilitikisika.

"Kwa hiyo kaa anafikiri kwa kifua," akasema baba yake Rukia.

"Mambo ya miguu na magando, tunaweza kusema hivyo, baba."

"Wapo na watu wa namna hiyo."

Wakacheka kidogo, nami nikacheka kidogo, kwa adabu. Lakini Bi Mwanahawa hakucheka. Akauliza usingizi huu unaisha lini. Nikasema sasa hivi. Nikabeba deli mpaka uani, nikamwaga maji na barafu yote, nikalirudisha sebuleni nikaliweka pembeni yangu bila mfuniko ili joto liingie. Tukakaa tunawatazama kaa. Hawakutikisika. Mtu akakohoa. Yule wa kwenye sinia alikuwa amelala chali, miguu imekunjamana, na kwa kweli hata mimi nilianza kumtilia shaka.

"Basi tuanze na dua," baba yake Rukia akasema kwa upole, kama mtu anayemfunika mwenzake aibu. "Hao watatukuta."

Akaombwa Mjomba aongoze. Mjomba Kassimu si mtu wa dua ndefu. Yeye ni mkulima wa mpunga, dua zake huwa fupi na za moja kwa moja, na hilo nilikuwa nalitegemea. Tukainua mikono, wazee wakafumba macho, Mjomba akaanza kwa kumsifu Mola na kumsalia Mtume.

Mimi sikufumba macho vizuri, nilikuwa namchungulia yule wa kwenye sinia. Kwanza akatoa povu mdomoni. Halafu jicho moja likainuka, na la pili. Nilifurahi jamani, nilitamani kumgusa Bi Mwanahawa mkono nimwonyeshe, lakini humgusi mtu mkono kwenye dua, tena shangazi wa mchumba. Kaa akajigeuza, akashuka kwenye sinia, akaondoka kiubavuubavu kuelekea miguuni mwa wazee. Nikasikia mkwaruzo pembeni yangu. Deli lilikuwa limejaa miguu. Aliyekuwa juu alishapata ukingo, akajitupa mkekani, na waliobaki wakapanda mgongoni kwa wenzao wakamfuata.

Sasa kaa akiamka mahali peupe penye mwanga, jambo la kwanza analotafuta ni kivuli na upenyo wa kujibanza. Kivuli cha karibu kilikuwa kanzu yangu. Nilimhisi anapita nyuma yangu, kati yangu na ukuta, polepole, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Nikajisogeza kidogo kumpisha, naye nadhani akaona ninamjia. Akanishika. Alinishika na kanzu pamoja na nyama, mahali ambapo mtu hamtajii mkwewe.

Mjomba alikuwa amefika kwenye, "Ee Mola, wajaalie watoto hawa subira."

Nikaitikia amin kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata msikitini.

Gando la kaa (hili nalisema kama mwalimu) lina misuli miwili, wa kufungua ni mwembamba, lakini wa kufunga umejaa gando karibu zima, na kaa anajua kuukaza na kuuacha umekazwa bila kuchoka. Mjomba akasema uwape mapenzi, nikasema amin. Uwape kizazi chema, amin. Kila amin ilipanda juu ya ile ya kwanza, machozi yakaanza kunitoka, na Mjomba akafumbua jicho moja akaniona. Sauti ikamkatika. Akakaa kidogo, akaanza upya kwa unyonge, akamwombea marehemu baba yangu, ambaye alikuwa hayumo kwenye dua ile kabla, akawaombea walimu wote, akawaombea wagonjwa, akaomba mvua ya kiasi na mpunga usiliwe na ndege, na mimi naitikia tu, na wazee wa watu wakaanza kuitikia kwa nguvu kama mimi, na nyuma ya pazia nikasikia mwanamke anapenga kamasi.

Nilipoona dua inaelekea kwa Waislamu wa nchi za mbali nikashusha mkono mmoja, nikapeleka nyuma, nikamshika kaa mgongoni nikavuta. Kaa akaniachia. Yaani aliniachia gando. Kaa akibanwa ana uwezo wa kuukata mguu wake mwenyewe pale kwenye shina, pameumbwa hivyo, patakatika na patajiziba bila kuvuja sana, na siku akijivua gamba ataanza kuota gando jingine, kwa hiyo hasara yake ilikuwa ya muda. Akaenda zake. Gando likabaki limening'inia kwenye kanzu, limekaza vilevile, kwa sababu msuli ulishakazwa na sasa hakukuwa na fundo la fahamu la kuutumia ujumbe kwamba inatosha.

Dua ikaisha. Watu wakapangusa nyuso, wakafumbua macho.

"Wameamka," akasema baba yake Rukia.

Walikuwa kila mahali. Mmoja yuko chini ya kabati la vyombo, wawili wamebebana mlangoni, mmoja ameshika kofia ya mzee iliyokuwa imewekwa mkekani na anarudi nayo nyuma. Wazee wakasimama wote kwa pamoja, wakakusanya kanzu zao magotini, wengine wakaanza kuwafukuza kaa kwa masinia, wanawake wakatoka nyuma ya pazia na ndoo. Hata Rukia alitoka, ambaye hakutakiwa kutoka mpaka aitwe. Mtu pekee aliyekuwa amekaa ni mimi.

Bi Mwanahawa akasimama mbele yangu na kaa mmoja mkononi. "Mwalimu, wanafunzi wako wametawanyika, nawe umekaa tu."

Nikasema nakuja. Sikuja.

Rukia akanitazama usoni. "Una nini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Sina kitu."

"Hebu simama, mwanangu," akasema baba yake. Kwa vile mzee akisema simama huwezi kuendelea kukaa, nikasimama, nikiwa nimeupa ukuta mgongo. Lakini kaa mmoja akapita miguuni pangu, nikaruka, nikageuka, na sebule nzima ikaona. Gando la kijani kibichi, kubwa kama ngumi, kwenye kanzu nyeupe. Baba yake Rukia akalinyooshea kidole.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

Sivyo alivyomaanisha. Sauti iliyonitoka sitaki kuielezea, nitasema tu kwamba mbuzi wa uani aliitikia.

Akanichukua mwenyewe, mzee yule, akanipeleka chumba cha pembeni, akatoa koleo kwenye kisanduku chake cha spana za baiskeli, akaniambia lala kifudifudi. Nikalala kifudifudi kwenye kitanda cha mkwe wangu, siku ya kwanza kumwona. Akavaa miwani. Alifanya kazi taratibu, na akiwa anatafuta pa kubana akaniuliza kama mtu aliye darasani:

"Sasa hili gando, fahamu yake iko wapi?"

"Halina tena, baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na bado linashika."

"Ndiyo, baba."

Akafikiri. "Ajabu," akasema, kisha akalivunja.

Chakula kilikuja baada ya alasiri, wali na kaa wa nazi, na mimi nilikula nimeegemea ubavu mmoja. Mjomba hakugusa kaa, yeye hufuata kauli ya wanaosema kaa haliwi kwa kuwa anaishi majini na nchi kavu, akala mchuzi wa maharage. Bi Mwanahawa akanipakulia mwenyewe. Aliniwekea yule mwenye gando moja, kwa heshima zote, akakaa akanitazama mpaka nikammaliza.

Njiani, tulipokaribia daraja, Mjomba akauliza bila kunitazama, "Ile amin ya kwenye subira. Ilikuwa ya dua au ya kaa?"

"Ya kaa, Mjomba."

"Na ile ya baba yako?"

Nikatazama nje.

"Mimi nililia," akasema Mjomba, na tukavuka mto.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Kule Mohoro walisema watatoa jibu, na jibu halikuja. Shuleni nilifundisha mimea. Mama alipiga simu kutoka Mbwera kuuliza kama kaa walipendwa, nikamwambia walipokewa na watu wengi. Nilikuwa nimeshaanza kujizoeza kumsahau Rukia, zoezi ambalo sikuwa nalifanya vizuri, ndipo siku moja jioni akapiga simu yeye mwenyewe.

"Baba anasema leteni siku ya ndoa," akaniambia.

Nikamuuliza shangazi je. Akasema shangazi ndiye aliyesema kwanza. Alisema mwanaume anayeshikwa na kaa pale aliposhikwa na asiivunje dua ya mzee, huyo hata mke akimchokoza vipi hatainuka kuondoka nyumbani.

Ukweli ni kwamba siku ile nilitamani kuinuka na kuondoka tangu amin ya kwanza, nikimbie mpaka Kibiti kwa miguu, ila nilikuwa nimeshikwa. Tumeoana, Alhamdulillahi, na hilo la kutamani kukimbia bado sijamwambia. Kwao tunakwenda kila likizo. Nabeba sukari. Nikifika naikabidhi mlangoni bila maelezo yoyote, halafu natafuta pa kukaa, na kabla sijakaa natazama kwanza.